Tshibumba Kanda Matulu, fundi wa picha na mlinzi wa ukumbusho



Jubile ni mwaka wa kukumbuka. Watu wa Agano la Kale walihesabu miaka saba mara saba, na katika mwaka wa hamsini baragumu ilipigwa katika inchi yote, ili kila mtu arudie mali ya wazee wake na jamaa yake. Lakini mali ya wazee si shamba peke yake. Ukumbusho vilevile ni urithi, na mtu aliyepoteza ukumbusho wa wazee wake ni maskini kuliko yule aliyepoteza shamba.

Pengine mtauliza kwa nini katika kitabu hiki cha parokia, kati ya habari za mapadri, za masista na za vyama vya sala, tumeweka maisha ya mchoraji. Tutajibu kwa kueleza jambo lililotupata. Tulipopewa kazi ya kukusanya habari za mwanzo wa parokia yetu, tulifungua masanduku ya zamani. Tulikuta majina ya mapadri wote, na tarehe ya kufika kwao, na tarehe ya kuondoka kwao. Tulikuta hesabu ya matofali na ya mabati. Lakini makatekista wa kwanza, wale waliotembea kwa miguu toka kijiji hata kijiji, walioandaa wazazi wetu kwa ubatizo, hatukukuta majina yao ila machache, na mara nyingi jina nusu tu. Hakuna aliyetaka kuwafuta. Hakuna aliyewaandika, basi. Siku ile ndipo tulipomkumbuka Tshibumba, kwa sababu yeye alitumia maisha yake kupigana na usahaulifu wa namna hiyo.

Mtoto wa mji wa shaba

Tshibumba Kanda Matulu alizaliwa mwaka 1947 katika mji wa Elisabethville, ambao tangu mwaka 1966 unaitwa Lubumbashi. Mji huo ulianzishwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba. Kampani ya Union Minière du Haut-Katanga ilikuwa imeundwa mwaka 1906, na mwaka 1911 tanuru la Lubumbashi lilitoa shaba yake ya kwanza. Watu walikuja kutoka pande zote: kutoka Kasai, kutoka ziwa Moero, kutoka Rwanda, kutoka Rodesia. Kila mmoja alileta lugha ya mama yake, na kwa kuonana kazini na sokoni wakajenga usemi mmoja, ndio huu wetu wa Kingwana, ambao kule Katanga una sauti yake ya pekee. Tshibumba alikua katika usemi huo, na ndani yake alifikiri.

Mtoto wa mji ule aliona kila siku bomba refu la moshi na kile kilima cheusi cha takataka za tanuru, tunachokiita terili. Wengine walipita bila kukitazama. Yeye alikitazama, na baadaye, alipotaka kuonyesha mahali pa kazi na mateso ya wazee wetu, alichora bomba lile na kilima kile. Tangu hapo sisi tulio wengi hatuwezi tena kuvitazama kama mawe na moshi tu.

Alipokuwa na umri wa miaka minne, Simon Kimbangu alikufa katika gereza la mji uleule, tarehe 12 mwezi wa kumi mwaka 1951, baada ya miaka thelathini ya kifungo. Alipokuwa kijana wa miaka kumi na mitatu hivi, uhuru ulikuja tarehe 30 mwezi wa sita mwaka 1960, na hata siku kumi na mbili hazijapita, tarehe 11 mwezi wa saba, Katanga ilitangazwa kuwa inchi peke yake. Kisha vikaja vita, askari wa Umoja wa Mataifa, na njaa. Kujitenga huko kulidumu hata mwezi wa kwanza mwaka 1963. Mambo ambayo watoto wengine duniani huyasoma katika vitabu, yeye aliyaona njiani, akienda na akirudi.

Mafundi waliomtangulia

Tusidhani kwamba Tshibumba ndiye wa kwanza kushika burashi katika Katanga. Mwaka 1946 Mfaransa mmoja, Pierre Romain-Desfossés, alifungua pale Elisabethville nyumba ya wachoraji iliyojulikana kwa jina la Hangar. Aliwakataza wanafunzi wake kuiga michoro ya Wazungu, akawaagiza watazame majani, maji, ndege na wanyama, na kila mmoja atafute mkono wake mwenyewe. Kwake ndiko walikotoka mafundi wakubwa: Bela aliyechora kwa ncha ya vidole, Pilipili Mulongoy mwenye samaki na ndege, na Mwenze Kibwanga ambaye picha zake zimejaa mistari midogomidogo kama uzi wa mfumaji. Romain-Desfossés alikufa mwaka 1954, na wanafunzi wake wakaendelea katika shule ya sanaa ya mji.

Kazi zao ni nzuri, nasi twajivunia. Lakini mara nyingi zilinunuliwa na Wazungu na kupelekwa mbali. Mfanyakazi wa mgodi hakuwa na picha ya Pilipili ukutani. Tshibumba hakupita Hangar. Mwaka ule mwalimu wa Hangar alipokufa, yeye alikuwa mtoto wa miaka saba. Alikuwa mmoja wa wachoraji wa namna nyingine, waliotokea kwa wingi baada ya uhuru: watu waliochora juu ya kitambaa cha mifuko ya unga, wakafunga picha zao, wakaziweka kwapani, wakapita nyumba kwa nyumba kutafuta mnunuzi. Wanunuzi wao walikuwa wafanyakazi, waalimu, makarani na wachuuzi, yaani watu kama wazazi wetu.

Picha za saloni

Wale kati yetu waliozaliwa katika kambi za wafanyakazi wanazikumbuka picha hizo. Zilitundikwa katika saloni, juu ya viti, karibu na picha ya Moyo Mtakatifu na picha ya arusi ya baba na mama. Kulikuwa na mamba muntu, mwanamke mwenye mkia wa samaki, ambaye hutoa utajiri kwa yule awezaye kutunza siri. Kulikuwa na kijiji cha wazee, na nyumba za majani na mto. Kulikuwa na simba na chui. Na kulikuwa na ile iliyoitwa Colonie belge: mfungwa amelazwa chini, polisi mweusi anampiga kiboko, mkubwa wa Kibelgiji amesimama anatazama, na bendera inapepea juu.

Mgeni angeweza kujiuliza, kwa nini mtu anunue mateso na kuyatundika mahali anapokula? Jibu liko katika neno moja ambalo wachoraji na wanunuzi wao walilitumia daima, neno la ukumbusho. Picha haikununuliwa kwa kupamba ukuta tu. Ilinunuliwa ili mtoto aulize, na baba apate nafasi ya kujibu. Jioni, kazi ikiisha, mtoto alionyesha kwa kidole, na hadithi ikaanza. Babu yetu sisi alikuwa na picha ya namna ile, ya kiboko. Hakupenda kusema mambo ya wakati wake wa ujana, lakini tulipoielekeza macho, alisema. Bila picha ile tusingejua kwamba mgongo wake mwenyewe ulikuwa na alama.

Tshibumba alianza kuishi kwa kazi hiyo karibu na mwaka 1969, naye akafanya makao yake Kolwezi, mji mwingine wa migodi. Alichora kama wenzake, kwa kuwa alipaswa kula. Lakini rohoni alikuwa na shauri kubwa zaidi. Kila picha ya saloni ilisimulia jambo moja. Yeye alitaka kusimulia yote, toka mwanzo hata mwisho, kwa mpango, kama mtu anayeandika kitabu. Hakujihesabu kuwa mchoraji tu, bali mwana wa historia.

Kazi kubwa ya miaka 1973 na 1974

Mwishoni mwa mwaka 1973 alifika Lubumbashi na picha zake, akabisha mlangoni kwa Johannes Fabian, mwalimu wa chuo kikuu, mzaliwa wa Ujerumani, aliyekuwa akichunguza maisha na usemi wa wafanyakazi wa Katanga. Mwalimu alinunua, akauliza maswali, na Tshibumba akamfunulia shauri lake la kuchora historia yote ya inchi. Wakapatana. Kwa miezi iliyofuata Tshibumba alikuwa akichora nyumbani, akileta picha kwa mafungu, na wote wawili waliketi mbele ya mashini ya kunasa sauti. Tshibumba aliweka picha moja mbele yao, akaieleza kwa Kiswahili chake, akaulizwa, akajibu, wakapita kwa nyingine. Ndivyo zilivyopatikana picha zaidi ya 100, na pamoja nazo maneno ya mchoraji mwenyewe.

Ndani yake mna Diego Cão akifika kwenye mdomo wa mto Kongo, tangu mwaka 1482. Mna Msiri, mfalme wa Bunkeya, aliyeuawa mwaka 1891 na watu wa Leopold II. Mna wasafiri, wamisionari, askari, mahakimu na wafungwa. Mna Kimbangu mbele ya hakimu. Mna siku ya uhuru, vita vya Katanga, na wakati wa Mobutu, ambaye mwaka 1971 aliiita inchi Zaire. Na mwisho hakuishia kwa yaliyopita: alichora pia yale aliyoyawazia kuwa yatakuja.

Aliyapata wapi mambo hayo yote? Si kwa chemchemi moja. Alisikiliza wazee. Alisoma vitabu vya shule na magazeti, akatazama fotografia. Alikumbuka yale aliyoyaona kwa macho yake. Na pale ambapo kitabu kilinyamaza na mzee alikwisha kufa, aliwaza. Neno hilo la kuwaza lisidharauliwe. Yeye hakuwaza ili kudanganya. Aliwaza kwa kulinganisha jambo na jambo, kama mtu aliyepewa vipande vya chungu, naye hutafuta umbo lake. Wenye elimu wameonyesha mahali ambapo tarehe zake hazikuwa sawa, ama majina yamebadilishana. Ni kweli. Lakini tusisahau kwamba vitabu alivyosoma shuleni viliandikwa na upande mmoja tu, navyo pia vilikuwa na mahali palipofichwa.

Wafiadini wa mshahara

Hebu tutazame picha mbili tu.

Ya kwanza ni ile ya wafu wa Union Minière. Mwezi wa kumi na mbili mwaka 1941, wakati wa vita vya dunia, wafanyakazi wa Elisabethville waligoma, maana bei za vitu zilipanda na mshahara haukutosha. Tarehe 9 walikusanyika kwenye uwanja wa mpira, na askari wakapiga bunduki. Makumi ya watu walikufa. Tshibumba hakuwa amezaliwa bado. Alilala maiti mbele ya bomba la moshi na kilima cheusi, na akawaita wafiadini. Hakuweka jina la hata mmoja, kwa sababu hakuna aliyempa majina hayo. Lakini aliwapa mahali, na tangu siku ile wana mahali pa kuonekana.

Sisi wakristu tunalitumia neno la wafiadini kwa uangalifu, kwa wale waliomwaga damu kwa ajili ya imani. Hata hivyo Mtakatifu Yakobo katika barua yake anatufundisha kwamba mshahara wa mfanyakazi aliyedhulumiwa hulia, na kilio hicho hufika masikioni mwa Bwana. Tshibumba alikisikia kilio hicho. Tena hakuwaacha wamisionari nje ya historia ya ukoloni, kana kwamba walikaa mbinguni wakati wengine walipiga viboko duniani. Jambo hilo linatuumiza kidogo, na ni vema lituumize. Parokia inayofanya jubile inapaswa kushukuru kwa mema na kutubu kwa mabaya, la sivyo inajisifu tu.

Misalaba mitatu

Picha ya pili ni ile ya kifo cha Patrice Lumumba. Lumumba, aliyezaliwa mwaka 1925, alikuwa waziri mkuu wa kwanza wa inchi yetu. Tarehe 17 mwezi wa kwanza mwaka 1961 aliletwa Katanga amefungwa, na usiku uleule aliuawa porini pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito. Miili yao iliharibiwa kwa asidi, isibaki kitu cha kuzikwa.

Tshibumba alichora watu watatu wamelala, na damu yao juu ya ardhi inaandika neno la umoja. Mbali, penye upeo wa macho, ilisimama misalaba mitatu. Kila mtoto aliyepita katika mafundisho ya katekismu anaijua misalaba hiyo. Hakuna haja ya kumwambia ni Kalvari. Mchoraji aliona watu watatu waliouawa siku moja, mmoja kati yao akiwa amesalitiwa na kutolewa mikononi mwa adui zake, na hakupata katika dunia yote mfano mwingine wa kueleza jambo hilo ila mateso ya Bwana wetu.

Wengine wamechukizwa na mfano huo. Sisi tunasema hivi: Mwokozi ni mmoja tu, naye ni Yezu Kristu, Lumumba alikuwa mwanadamu wa siasa, mwenye makosa yake. Lakini Njia ya Musalaba imechorwa katika makanisa yetu ili tujifunze kuona. Mtu aliyejifunza kumwona Kristu katika vituo kumi na vinne, atashangazaje akimwona pia mtu aliyefungwa kamba na kupigwa? Yezu mwenyewe alisema kwamba tulilomtendea mdogo wa ndugu zake tulimtendea yeye. Tshibumba alichora fundisho hilo, kwa rangi, juu ya mfuko wa unga.

Mwisho usio na kaburi

Baada ya kazi ile kubwa, nyakati zilibadilika. Bei ya shaba ilianguka katika miaka ya 1974 na 1975. Mnunuzi wa picha, yaani mfanyakazi wa kawaida, alipoanza kukosa sabuni na chumvi, hakuweza tena kununua ukumbusho. Kisha vita vikaingia Shaba, mwezi wa tatu mwaka 1977, na mara ya pili mwezi wa tano mwaka 1978, ndani ya Kolwezi kwenyewe, na watu wengi walikufa. Tshibumba aliendelea kutoa habari zake kwa muda. Halafu, karibu na mwaka 1981, habari zilikatika. Hakuonekana tena. Alikuwa na miaka thelathini na minne hivi. Imepita miaka zaidi ya arobaini, nasi tunamhesabu kati ya marehemu wetu, bila tarehe ya kifo na bila kaburi la kupeleka maua.

Mtu aliyetumia mikono yake kuwapa mahali wafu wasio na majina, yeye mwenyewe hana mahali. Lumumba, baada ya miaka sitini na moja, alirudi: jino lake, lililokuwa limechukuliwa na Mbelgiji mmoja, lilirudishwa na Ubelgiji mwezi wa sita mwaka 2022, likazikwa Kinshasa tarehe 30 ya mwezi huo. Tshibumba hana hata jino.

Lakini kazi yake ipo. Mwaka 1996 mwalimu Fabian alitoa kitabu chenye picha hizo zote pamoja na maelezo ya mchoraji. Picha zenyewe zinatunzwa katika jumba la makumbusho la Amsterdam, katika inchi ya Uholanzi, na nyingine ziko Tervuren, Ubelgiji. Tunashukuru kwamba zilitunzwa. Tunasikitika kwamba mtoto wa Kolwezi anayetaka kuona historia ya wazee wake, iliyochorwa na mtu wa Kolwezi, anahitaji pasiporti.

Na picha ya babu yetu je? Wakati mishahara ilipokoma, bibi yetu aliiondoa ukutani, akampa mpita njia mmoja, naye akampa unga wa kutosha siku mbili. Hatumlaumu, watoto walipaswa kula. Kitambaa kilichotoka katika mfuko wa unga kilirudia unga. Ukutani ulibaki mraba mweupe, na tangu siku ile babu hakuulizwa tena, naye hakusema tena, hata alipokufa.

Neno la kumalizia

Wapendwa, ndiyo sababu tumemweka Tshibumba Kanda Matulu katika kitabu cha jubile. Hatumtangazi kuwa mtakatifu. Tunamweka kama mwalimu. Alitufundisha kwamba kukumbuka ni kazi ya mikono, na kwamba asiye na karatasi aweza kutumia mfuko wa unga.

Basi tunawaomba jambo moja. Baada ya misa ya jubile, meza itawekwa chini ya mti, karibu na mlango wa kanisa, na juu yake daftari jipya. Yeyote anayejua jina la katekista wa zamani, la mama aliyewapikia watu waliofyatua matofali, la mjenzi aliyeanguka toka juu ya paa, aje aliandike, ama amwombe kijana amwandikie. Mwenye fotografia ya zamani ailete; itatazamwa na kurudishwa kwake. Na vijana wenye mkono wa kuchora, tunawaita: ukuta wa sakristia upande wa nyuma haujapakwa rangi bado, na Padri ametoa ruhusa.

Mungu, ambaye kwake hakuna jina linalosahauliwa, ampe Tshibumba raha ya milele, pamoja na marehemu wetu wote, wale tunaowajua na wale ambao majina yao tumeyapoteza. Amina.